Ubani wa Bwana Kasuku

Mambo haya yalimfika Maisara binti Saif, wa Kibokoni, na walioyaona kwa macho yao wangali hai. Nyumba nayo ipo. Ukipita utaona madirisha ya juu yako wazi na nguo zimeanikwa, kama nyumba yoyote ya watu wenye amani zao. Asikudanganye mtu kwamba ni gofu, au kwamba popo wamejaa darini. Watu wanaishi mle, wanapika, wanagombania maji ya mfereji. Kitu kimoja tu hawafanyi tena, nacho ni kufukiza.

Maisara alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, mwana wa kiume, akapewa jina la Athmani. Mumewe, Riyadh, alikuwa kazini Doha, akimwona mwanawe kwa simu tu na kulia kila akimwona. Kwa hivyo Maisara alikuja kumaliza arubaini kwa mamake, kama ada ilivyo. Mzazi hatoki nje mpaka siku zake zitimie. Kazi yake ni kula, kunyonyesha na kukandwa. Mamake, Mwanakhamis, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mtamu wa kupika, na mjukuu huyu alikuwa amemngojea kwa hamu mpaka majirani wakaanza kumkimbia kwa kuchoka kusikia habari zake.

Kila asubuhi alikuja Bi Shifa kutoka nyuma ya Marikiti, mama mnene mwenye viganja laini, aliyekanda nusu ya watoto wa Mji wa Kale. Baadhi yao sasa wana mvi. Alimkanda mzazi kwanza, kisha mtoto: miguu, mikono, mgongo, na mwisho kichwa, akikiviringa taratibu kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu mpaka kikae duara. Athmani alipiga kelele za mtu anayeibiwa, na Bi Shifa akimjibu, "Lia, baba, lia. Kitwa kizuri hakiji bure."

Wiki hiyohiyo akarudi Mzamil, kaka yake Maisara. Huyu alikwenda ng'ambo kusomea kazi ya kufukua miji iliyozikwa. Mamake akiwaambia watu kwamba mwanawe ni mhandisi, maana kusema anachimba makaburi ya watu aliona haya. Alikuwa Amerika ya Kati, katika nchi ya Wamaya. Njiani alipitia Makka akafanya umra, kisha akashuka Mombasa na begi moja la nguo chafu na kinywa kilichojaa habari za mfalme mmoja tu.

Mfalme huyo alitawala zamani sana, katika wale wa mwanzo kabisa, na jina lake la haki wataalamu walikuwa hawajaafikiana juu yake. Wafukuaji walimwita Bwana Kasuku, kwa sababu ya taji lake la manyoya lililochongwa kwenye jiwe. Mzamil alikuwa anaandika maisha yake kwa Kiswahili. Mchana kutwa alishinda maktaba, na baada ya magharibi aliketi mlangoni pa chumba cha mzazi akimsimulia dada yake alichokiandika, apate kusikia kama kinatiririka.

"Bwana Kasuku hakuzaliwa mfalme," alisema jioni ya kwanza. "Alitengenezwa. Alipokuwa mchanga kama Athmani hivi, walimfunga vibao viwili, kimoja kwenye paji la uso, kimoja kisogoni, wakavikaza kila siku mpaka kichwa kikarefuka na kulala nyuma."

"Sasa huyo si ni Bi Shifa wao," Maisara akacheka.

Bi Shifa alisimuliwa asubuhi yake, naye hakucheka. "Sisi twakanda kitwa kiwe cha mtu," alisema. "Haya yenu msinitie miye."

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia, maana liliingia kwa mlango wa mapenzi. Mwanakhamis alikuwa anafua nguo za mwanawe alipokuta kikopo cha bati katikati ya soksi. Ndani mlikuwa na bonge la utomvu mkavu, la rangi ya asali iliyoungua. Akalinusa. Kijana ametoka Makka, ana bonge la ubani begini, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Mama gani angeuliza? Mzamil tangu utotoni alikuwa na haya ya kutoa zawadi mkononi. Alikuwa akiacha kitu mahali kikaonekana. Mwanakhamis alivunja kipande, akasema bismillahi, akakitia kwenye makaa ya chetezo, na baada ya swala ya alasiri akamfukiza mjukuu wake.

Moshi wake ulikuwa mzito. Ulinukia utamu kwanza, kisha kama mvua ya kwanza inapogonga jiwe la moto, na mwisho ukaacha kitu fulani kooni ambacho Maisara hakukijua. Athmani, aliyekuwa analia, akanyamaza papo hapo. Maisara akapitiwa na usingizi, akalala fofofo mpaka magharibi.

"Ubani wa Makka huo," mamake alijisifu. "Hata mzazi wapata kupumzika."

Ikawa hivyo kila alasiri. Moshi, usingizi, na kimya. Mzamil aliporudi maktaba, madirisha yalikuwa wazi na harufu imeshatoka. Mtoto hakulia tena mchana wala usiku. Alinyonya, akatazama, akalala. Majirani walimsifu. Mwanakhamis naye akaacha kumwita Athmani, akawa anamwita Bwana, na nani angeshangaa? Bibi gani hamwiti mjukuu wake wa kiume bwana?

Aliyeshangaa ni Bi Shifa. Asubuhi moja alikishika kichwa cha mtoto, akasita, akakigeuza upande wa dirishani penye mwanga. Paji la uso lilikuwa limekuwa bapa. Kwenye panja mlikuwa na michirizi miwili myembamba, myekundu, kama ya kamba.

"Maisara," alinong'ona, "nani mwengine yuwamkanda mwana huyu?"

"Hakuna, Bi Shifa. Ni wewe tu."

"Basi kuna mkono juu ya mkono wangu. Nikikiweka hivi, yeo, kesho nakikuta vile."

Maisara aliingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta wa kumshuku. Akamtazama yule mama mnene na chupa yake ya mafuta, akakumbuka maneno ya watu, kwamba wanaokanda watoto wanajua na mengine. Usiku huo alimwambia mamake. Mwanakhamis hakuuliza mara mbili. Asubuhi alimzuia Bi Shifa hapohapo ngazini.

"Kuanzia yeo n'tamkanda mwenyewe. Ahsante kwa kazi."

Bi Shifa alimtazama Maisara aliyesimama nyuma ya mamake. Maisara akainamisha uso. Aliona aibu, na aibu ile hakuisema.

"Sina kinyongo," Bi Shifa alisema akishuka. "Lakini mwangalie baada ya alasiri, mwanangu. Mwangalie kwa mato yako."

Angemwangalia vipi, naye kila alasiri analala kama gogo? Siku zikapita. Kichwa kikazidi kurefuka. Kisha siku moja alipoamka alikuta ushanga mwekundu umefungwa kwa uzi kwenye nywele za mbele za mtoto, ukining'inia katikati ya macho. Alidhani ni kinga ya kijicho, akaufungua. Kesho yake ulikuwepo tena. Na macho ya Athmani yalikuwa yameanza kuvutana, yakitazama pale katikati, pale ambapo ushanga ulikuwa.

Mwanakhamis alikuwa amebadilika pia. Yule mwanamke wa maneno mengi alikuwa hasemi. Alifunika kinywa kwa ncha ya leso na kuonyesha kwa mkono kwamba jino linamuuma. Hakula ila uji, tena uliopoa. Aliufyonza pembeni akiwapa watu mgongo.

Alhamisi baada ya magharibi Mzamil aliketi mlangoni kama kawaida. Mama yao alikuwa pembeni juu ya mkeka, leso kinywani, Athmani mapajani.

"Leo nimefika kwa mama yake," Mzamil alisema. "Mama wa mfalme ndiye aliyekuwa na kazi nzito. Babu wa ukoo ameshakufa, lakini lazima arudi akae ndani ya mtoto, ndipo mtoto awe mfalme. Basi mama hutoboa ulimi wake akapitisha kamba. Damu huidondosha juu ya moto pamoja na ubani. Katika moshi ule babu huja."

Maisara akasisimkwa. "Na yule mtoto? Yule aliyekuwemo kabla babu hajaja, huenda wapi?"

Mzamil alifikiri. "Hilo hakuna aliyeliandika."

"Na mama mwenyewe jina lake nani?"

"Hatujui. Halikuchongwa popote."

Pale pembeni Mwanakhamis alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekosewa adabu nyumbani kwake. Maisara alimwona. Mzamil hakumwona.

Ijumaa alasiri chetezo kililetwa. Maisara alikuwa ameilowesha kanga maji. Alijifunika gubigubi, akaibana ile kanga puani, akalala ubavu. Alisikia moshi ukimpita juu. Alisikia nyayo za mamake. Akahisi mtoto anainuliwa kutoka ubavuni pake, na moyo wake ukainuka naye.

Akangoja. Kisha akashuka kitandani, akamfuata mamake.

Chumba cha ndani kilikuwa na jua. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Jua tele, la saa kumi, limepiga ukutani, na nje muuza madafu anaita wateja.

Mwanakhamis alikuwa amepiga magoti. Leso haikuwa kinywani. Ulimi ulikuwa nje, umevimba, mweusi pembeni. Uzi wa ukindu, ule wa kushonea mikeka, ulikuwa umepita katikati yake. Alikuwa anauvuta. Taratibu. Kwa mikono miwili. Tone likaanguka kwenye makaa. Likalia.

Athmani alikuwa amelazwa mbele ya chetezo. Vibao viwili vya kifuniko cha kasha vilikuwa vimekibana kichwa chake. Vimefungwa kwa vipande vya kanga.

Hakuwa analia. Alikuwa amenyoosha mikono.

Maisara akafuata ile mikono. Ikaelekea kwenye moshi. Moshi haukupanda. Ulikuwa umekaa. Umekaa kitako, umekunja miguu, kimo cha mtu mzima, na juu yake palikuwa na kichwa kirefu kilicholala nyuma. Haukuwa na uso. Lakini ulikuwa umemwinamia mtoto.

"Mama," alinong'ona.

Mwanakhamis akageuka. Macho yake yalikuwa yamevutana katikati. Alimtazama binti yake kama mtu anavyomtazama kijakazi aliyeingia bila kuitwa.

Maisara aliogopa, aliogopa kiasi cha kusahau hata dua. Kitu kimoja tu kilimjia kinywani. "Ni wangu. Athmani ni wangu mimi."

Beseni la maji ya kumwogeshea mtoto lilikuwa karibu na mlango. Akalinyanyua. Akalimwaga lote juu ya chetezo.

Makaa yakapiga kelele. Na nyuma yake, karibu na sikio, mtu akavuta pumzi ndefu.

Hakugeuka. Alimchukua mtoto na vibao vyake, akashuka ngazi. Katikati alikutana na Mzamil anapanda mbio, uso umempauka. Alikuwa amerudi mapema kwa ajili ya Ijumaa na kuinusa ile harufu tangu uchochoroni.

"Mama afukiza nini? Maisara! Amelitoa wapi lile?"

"Begini mwako!"

"Lile si ubani wetu," alisema. "Nililitoa kwenye bakuli lililokuwa miguuni pa Bwana Kasuku. Kaburini."

"Nenda kwa Mama," Maisara alimwambia. "Nenda!"

Akatoka. Mzazi, arubaini haijatimia, miguu mitupu, kanga mbichi mabegani. Alipita vichochoro akifungua vifundo kwa meno. Vibao vikaanguka njiani, hakuviangalia. Akapita Biashara Street, ambako wanawake waliokuwa wakichagua leso walisimama na leso zao mikononi. Mmoja alimwita, "Mwanangu, u mzima?" Akampita. Mtoto alikuwa ametulia kifuani, hana uzito wa kawaida. Alikuwa mzito kama jiwe.

Bi Shifa alikuwa barazani kwake nyuma ya Marikiti akichambua mchicha. Alimwona, akasimama, mchicha ukamwagika.

"Bi Shifa, niwie radhi. Nilikudhania wewe. Nilinyamaza na nilijua si haki."

"Sitaki radhi, nataka mafuta ya nazi. Yako kidakani, pale ukutani. Ndoo, ingia ndani."

Alikanda mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Hakuimba. Alisoma anayoyajua, chini kwa chini, na kila alipofika mwisho alianza tena. Maisara alishika miguu ya mtoto, ile miguu midogo baridi, akaiita jina lake. Athmani. Athmani. Adhana ya magharibi ilipokwisha, mtoto alikunja uso. Akafungua kinywa. Akalia, kile kilio cha mtu anayeibiwa.

Maisara alilia naye mpaka sauti ikamkauka. Bi Shifa aliketi sakafuni, akasema alhamdulillahi.

Mwanakhamis alipelekwa hospitali, wakautoa ule ukindu. Alipopata kusema tena hakukumbuka lolote tangu siku ile alipofua nguo. Alipoambiwa alichomfanyia mjukuu wake alijipiga kifua, akaomba asiachwe naye chumbani peke yake tena, hata kwa kufumba na kufumbua. Maneno yake mengi hayakurudi. Ulimi ulipona, una kovu katikati, na ukikaa naye utaona anatafuna maneno kabla ya kuyatoa.

Mzamil alikifunga kikopo na kilichosalia, akakata tikiti, akakirudisha mwenyewe kule kilikotoka. Riyadh aliacha kazi Doha akarudi kwa mkewe. Wakapanga nyumba karibu na Bi Shifa, naye alimkanda mtoto kila asubuhi, bila kukosa, hata siku ya Idi. Kichwa kikarudi duara. Macho yakanyooka. Athmani akawa mtoto wa kulia, kucheka na kutupa vyombo, na Maisara alishukuru kwa kila sahani iliyovunjika. Alijiona ameshinda, na nani angemlaumu?

Kisha meno yakaanza kuota.

Yalianza ya juu, mawili ya mbele. Sasa wazee wetu wana neno kwa mtoto wa namna hiyo. Humwita kijego, na kijego hakuwa mtoto wa kushangiliwa. Lakini Bi Shifa alipuuza. "Mambo ya kale hayo, tusimtie mwana nuksi." Maisara naye akapuuza, mpaka asubuhi alipokuwa anampangusa ufizi kwa kitambaa na kidole chake kikakwama kwenye kitu.

Alimpeleka dirishani. Akauinua mdomo wa juu.

Kila jino lilikuwa na tundu katikati, dogo, la mviringo, safi kama lililotobolewa kwa keekee. Na ndani ya kila tundu, limekaa sawasawa, limesuguliwa mpaka likang'aa, jiwe la kijani.

Hakupiga kelele. Alimpigia simu kaka yake, akaielekeza kamera kinywani mwa mtoto. Mzamil alitazama kwa muda. Nyuma yake palionekana taa za chumba cha kazi na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe.

"Mfalme wako," Maisara alinong'ona, "alikuwa na meno gani?"

"Sikukusimulia habari za meno yake. Nilikuwa sijafika hapo."

"Mzamil. Alikuwa na meno gani?"

"Mawili ya juu yalikuwa na mawe ya kijani. Niliyasafisha mwenyewe, kwa brashi." Akageuka, akautazama mfupa wa taya uliokuwa juu ya ile meza. "Tumefungua sanduku la mifupa yake wiki hii. Hayamo."

Athmani sasa anasoma madrasa, ni mtoto mtiifu na mwenye heshima, na Maisara humpenda kwa mapenzi ya mtu aliyewahi kupokonywa. Ukimwona mtaani utapenda kumtania ili umchekeshe. Atacheka, lakini hutaona jino. Mamake amemfunza kucheka na mdomo umefungwa.